Kuonja Si Kula

Siku aliporudi kazini, Mzee Mwiko aliingia jikoni kwa mlango wa mbele. Usilione hilo kuwa jambo dogo. Kwa miaka alikuwa akipita mlango wa nyuma, ule mpana wa kupokelea magunia, kwa sababu mlango wa mbele na tumbo lake vilikuwa havielewani. Wapishi wenzake waliacha visu wakampigia makofi. Naye, mtu mzima mwenye mjukuu, akajizungusha taratibu katikati ya majiko ili waone mbele na waone nyuma, kamba za aproni zimemzunguka mara mbili na bado zinaning'inia. Alijigeuzageuza pale kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha. Tumwache ajidai kidogo, maana alikotoka si karibu.

Alikuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu. Jina la Mzee Mwiko alipewa na wanachuo, kwa sababu hata akiitwa ofisini kwa mkuu wa chuo alikwenda na mwiko wake mkononi, akausimamisha kando ya kiti kama askari na bunduki. Mwili wake ulikuwa umekua pamoja na kazi. Yaliyomgomea kwanza ni magoti. Daktari wa mifupa akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba hagusi goti lolote mpaka mzigo wa juu upungue. Akapewa njia mbili: aache kazi ya kusimama akae nyumbani, au akubali kupunguzwa tumbo kwa upasuaji, mwili upungue, magoti yapumue.

Akachagua kisu. Na asikudanganye mtu kwamba alichagua kwa ajili ya afya, wala kwa ajili ya mkewe, ambaye kwa miaka alikuwa akilala jicho moja wazi, anasikiliza pumzi za mumewe zinavyokatika na kurudi. Wapi. Mzee alijilaza kwenye kile kitanda cha hospitali kwa ajili ya jiko. Alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba akiondolewa jikoni hajui tena yeye ni nani. Wengine husema maneno kama hayo kwa kupiga chuku tu. Yeye alimaanisha, na ukimtazama usoni ulikuwa unamwonea huruma.

Basi tumbo likakatwa, likabaki jembamba kama ndizi, na mzee akarudishwa nyumbani na masharti chungu nzima. Kwanza maji na supu nyepesi, tena kwa kufyonza kidogo kidogo. Kisha maziwa na mtindi. Kisha vitu vilivyopondwa, na baada ya hapo vitu laini: yai, samaki, maharage yaliyoiva mpaka yanajivunja yenyewe. Kiasi chake kisizidi kikombe cha mtoto. Kutafuna mpaka kusiwe na cha kutafuna. Kutokunywa maji wakati wa kula, hata kama koo linalia. Sukari hapana, soda hapana, vya kukaangwa hapana. Na tumbo likisema basi ni basi, hata kama macho bado yanaomba.

Wa kuyasimamia masharti hayo alikuwa mkewe, na hapo mzee alipatikana kwelikweli. Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mwanamke aliyekaa maisha yake yote kando ya watu wanaotaka kuingiza gari mtaroni hawezi kutishwa na mume anayeomba kipande cha mkate. Hakuwa na haja ya kupandisha sauti. Mzee akikimbiza kijiko, yeye anamwambia punguza mwendo. Akitaka kuongeza tonge kabla la kwanza halijashuka, anamwambia subiri, taa bado nyekundu. Sahani zote kubwa alizipandisha juu ya kabati, akamwachia kibakuli cha mjukuu chenye picha ya sungura na kijiko cha dawa ya kikohozi. Ungemkuta pale mezani, mabega mapana kama mlango, amekiinamia kibakuli cha sungura anatafuna yai kwa heshima zote.

Na lazima tumpe haki yake: nyumbani alitii. Hakuiba, hakunyemelea jokofu, hakudokoa. Ilifika mahali akawa yeye ndiye anayemkumbusha mkewe kwamba maji bado, nusu saa haijapita. Mwalimu alianza kumsifu kwa majirani. Alisema wanafunzi wake wote wangekuwa na usikivu wa huyu mzee, barabarani kusingekuwa na ajali.

Sasa hapa inabidi nikueleze jambo moja kuhusu wapishi, maana bila hilo utamwona mzee mwongo, na mwongo hakuwa. Mpishi huinua mwiko, akadondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akaulamba, akatazama dari. Hufanya hivyo bila kujijua, kama wewe unavyojikuna. Muulize mpishi yeyote saa nane mchana amekula nini tangu asubuhi, atakwambia kwa uchungu kabisa kwamba hajatia kitu tumboni. Kwake yeye kula ni kukaa kitako, kuwa na sahani, na kuwa na mtu wa kupiga naye soga. Kulamba kiganja ni kazi. Kutafuna kipande cha nyama kuona kama imeiva ni kazi. Kuonja chai ya walimu kama sukari imekolea, kumega kiazi cha kukaanga kilichokaa vibaya kikaharibu sura ya sinia, yote hiyo ni kazi.

Kwa hiyo Mzee Mwiko alirudi jikoni akafanya kazi. Alifanya kazi kwenye mchuzi, akafanya kazi kwenye maharage, akahamia kwenye viazi akafanya kazi huko. Tena alionja kuliko zamani, maana tangu atoke hospitali kila kitu alikiona kimepooza. Anatia chumvi, anaonja, anakunja uso, anaongeza. Bi Vitunguu, msaidizi wake, mama mmoja mkimya aliyeanza jikoni pale kwa kumenya vitunguu akapanda mpaka kuwa wa pili kwa mzee, alikuwa akimtazama kwa pembeni. Mzee alidhani anatazamwa kwa mapenzi. Hakukosea sana.

Haikupita muda mwili ukaanza kusema. Alasiri jasho jembamba linamtoka, moyo unamwenda mbio, tumbo linamsokota. Akifika nyumbani anakwenda moja kwa moja kuinamia sinki. Na ile mizani ya chumbani, ambayo wiki za mwanzo ilikuwa ikimfurahisha kila akiipanda, sasa ilisimama pale pale kama nyumbu aliyegoma.

Mwalimu akajilaumu. Akaona labda ni supu yake. Akaacha kutia karoti, akaacha vitunguu, akamwondoa samaki akamrudisha, akachuja maharage kwa kitambaa mpaka yakawa maji yenye rangi tu. Yeye mwenyewe akawa anakula jikoni kwa kujificha, wima, asije akamtamanisha mgonjwa, na kwa hali hiyo akawa anapungua yeye badala ya mumewe. Na mzee anaona yote hayo. Anaona mkewe anavyomfuta jasho, naye anamwambia pole mama, si kosa lako, mwili huu mkaidi. Hapo ndipo ninapomkasirikia kidogo. Lakini nakuapia, kichwani mwake hakukuwa na hila yoyote, kwa sababu hakukuwa na alichokumbuka kula.

Siku ya kliniki ikafika. Mtaalamu wa lishe alikuwa binti mwembamba, mpole, ambaye mzee alishambandika jina la Kijiti na alikuwa akisema kwa mkewe kwamba mtu asiyejua utamu wa ukoko wa nyama hawezi kumshauri mtu kuhusu chakula. Binti akampima, akatazama namba, akatazama za nyuma, akauliza maswali yake. Asubuhi anakula nini? Mchana je? Jioni? Mwalimu ndiye aliyejibu, mzee akitikisa kichwa kwa kila jibu. Binti akasema kwa adabu kwamba maneno na mizani haviendi pamoja, kuna chakula kinaingia mahali.

Mwalimu akasimama. Mwanamke asiyepandisha sauti siku hiyo aliipandisha.

"Binti yangu, mimi huyu nakaa naye mezani kila siku. Naapa mbele yako, mume wangu hajala kitu nje ya ulichotuambia."

Mzee akatikisa kichwa tena. Dhamiri yake ilikuwa nyeupe, hata machozi yalimlengalenga kwa kuona anavyotetewa. Binti akaweka kalamu chini, akamwuliza baba anafanya kazi gani.

"Mpishi," mzee akasema.

"Na hicho chakula unachopika, nani anakionja?"

Karibu aone ametukanwa. Akasema anaonja yeye, nani mwingine? Binti akauliza anaonja mara ngapi. Mzee akamjibu kwa moyo mweupe, "Mpaka kiive."

Mwalimu akakaa polepole. Binti hakucheka, ingawa nadhani alitaka. Alitoa kibakuli kidogo na jagi la maji, akamwomba baba amwonyeshe jinsi anavyoonja. Amimine maji kwenye kiganja, ayamwage kwenye kibakuli, mara zile zote anazokumbuka za jana tu. Mzee akafurahi. Mtu ukimwuliza habari za ufundi wake unampata. Akakunja mikono ya shati, akaanza. Hapa ni vitunguu vikishakauka maji, unaonja. Hapa nyanya imeingia, unaonja ukali wake. Hapa chumvi, unaonja. Hapa umeongeza chumvi, lazima uonje tena, si ndiyo? Sasa tukiingia kwenye nyama, ile ya juu ya sufuria na ile ya chini haziivi pamoja. Kibakuli kikajaa bado yuko kwenye mchuzi wa wanachuo, hajagusa wa walimu. Maji yakaanza kutiririka mezani, yakaelekea kwenye karatasi za binti, na yeye bado anaeleza. Ndipo akayaona. Mkono wa kushoto ukabaki hewani unadondosha matone.

Binti akamweleza bila kumtia haya. Mshono wa ndani bado mbichi. Mafuta na sukari ndiyo yanayomtoa jasho, na akiendelea kutapika hivyo mshono unaweza kuachia, na ukiachia watamrudisha kitandani bila kujua kama atainuka. Ama aache kuonja mpaka wao waseme, ama akae mbali na jiko.

Kwenye gari Mwalimu alikaza macho barabarani. Gari lenyewe ni lile la kufundishia, lenye kibao juu ya paa, na mzee amekaa kando yake kama mwanafunzi, mikono magotini. Mbele kidogo akajaribu kujitetea. Akasema kuonja si kula, mpishi yeyote atakwambia. Mwalimu akawasha indiketa, akatazama kioo, akaegesha kando ya barabara vizuri kabisa jinsi sheria inavyotaka. Kisha akamgeukia.

"Nimekula kiapo kwa ajili yako, mzee wangu. Na huko nyuma nimekuwa nikijilaumu kwa supu yangu, najiuliza kama nakuua mwenyewe bila kujua."

Mzee alitazama nje, akaona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Akaahidi pale pale kwamba hataonja tena hata tone. Na kazi je? Kazi ataifanya. Mkono wake unajua chumvi bila kuuliza ulimi. Aliyasema hayo kwa kujiamini, lakini moyoni alikuwa na hofu asiyoweza kumwambia mtu, kwa sababu kama mkono ungemwangusha, basi kile kisu cha hospitali alikuwa amekilalia bure.

Kesho yake akapika kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ameutia mfukoni mwa aproni, asije akausahau ukafanya mambo yake. Alinusa. Alisikiliza mafuta yanavyosema. Alibonyeza nyama kwa uma. Chumvi akaitia kwa kiganja kama alivyozoea, roho juu juu. Halafu, kama desturi yake kabla ya kupakua, akaenda stoo kwa msimamizi kupima mchele wa kesho, na aliporudi akajibanza nyuma ya dirisha la kutolea chakula kuwatazama wanachuo. Wakala. Hakuna aliyekunja uso. Mmoja akaomba aongezewe mchuzi.

Basi akawa haambiliki. Kwa siku kadhaa mzee alitembea kifua mbele. Alimweleza mkewe kwamba kuna wapishi na kuna wapishi, wengine wanahitaji ulimi, wengine wamejaliwa mkono. Jasho la alasiri likakoma. Sinki likapumzika. Mizani ikasahau ugomvi, ikaanza kushuka. Mwalimu akarudi kula mezani, mbele yake, na mzee akawa anamtafunia kwa macho kila tonge lakini bila manung'uniko. Alianza hata kumsifu Kijiti, akasema ni binti mwenye akili, ila tu anahitaji kula.

Siku moja akaenda stoo akakuta mlango umefungwa, msimamizi ana udhuru. Akageuza mguu, akarudi jikoni mapema.

Aliwakuta wote wamelizunguka jiko kubwa. Bi Vitunguu ameinua mwiko, mwiko wake yeye mzee, anadondosha mchuzi kiganjani. Akalamba. Akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Mmoja akamimina maji ya moto, mwingine akatumbukiza viazi vibichi vilivyomenywa ili vinyonye chumvi, wa tatu akakoroga, kila mtu anajua zamu yake, hakuna anayemwamrisha mwenzake. Walikuwa wameshazoea. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, jinsi walivyozoea.

Akauliza wanafanya nini kwenye chakula chake. Mikono yote ikasimama, vimebaki vifuniko tu vinavyogongagonga. Akadhani anafanyiwa hila. Akamwambia Bi Vitunguu kwamba kama anakitaka cheo chake angesema, si kuja kumchokonolea sufuria nyuma ya mgongo wake. Maneno mazito hayo, na yule mama hakustahili hata moja. Lakini hakukasirika. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Ulimi wako haujarudi, mkubwa. Tangu siku ile uliporudi. Hata ulipokuwa unaonja, ulikuwa unatia chumvi mpaka mchuzi unawasha. Tukasema tuvute subira, utarudi."

"Na mkono?"

Bi Vitunguu akainamisha macho. "Mkono umeufuata ulimi."

Wakamweleza, kila mmoja akisaidia kipande chake, sasa kwa kuwa siri imeshamwagika. Siku ya kwanza aliyorudi, mchuzi uliorudishwa na meza ya walimu ulimwagwa kimyakimya na mwingine ukapikwa haraka haraka huku wengine wakimshughulisha yeye kwa kumpiga picha. Tangu hapo walisubiri aende stoo. Hawakutaka asikie. Walijua amekatwa tumbo kwa sababu ya jiko hili, nani angekuwa na moyo wa kumwambia? Wala hawakufanya hivyo kwa kumdharau. Kipindi hakuwepo maharage yaliungua, mchele ukatoka uji, wakagombana mpaka kuna waliokuwa hawasalimiani. Hakuna aliyeweza kuushika moto kama yeye.

Mzee akakaa kwenye gunia la viazi. Hayo ya mwisho hata hakuyasikia. Alichokuwa anakisikia kichwani ni kibakuli cha binti kinachofurika. Kumbe viganja vyote vile, jasho lote lile, mke kuchuja maharage kwa kitambaa, mshono kutaka kuachia, vyote vilikuwa kwa ajili ya ulimi usiojua chochote. Alitaka kucheka akashindwa. Alitaka kulia, na hilo alikaribia kuliweza. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya gunia, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kujua kwa nini amepita huko.

Mwalimu alikuja kumchukua na mwanafunzi kwenye usukani, kijana wa benki aliyeshika usukani kama anauzuia usikimbie. Mzee akaingia nyuma. Hakuweza kungoja wafike nyumbani. Akaanza kueleza, na mkewe akimsikiliza huku akimfundisha yule kijana, kwa hiyo ikawa mzee anasema ulimi wake umekufa, Mwalimu anasema gia ya pili, mzee anasema wamekuwa wakimrekebishia sufuria kama mtoto anayechora ukutani, Mwalimu anasema tazama kioo, kuna baiskeli. Kijana wa watu alikuwa anaoga jasho. Hakujua ni kipi anachoambiwa yeye. Mzee aliposema kwamba sasa hana kazi, kwamba kesho haendi, kwamba bora wangemwacha na magoti yake, gari likazimika katikati ya mzunguko na magari yote nyuma yakaanza kupiga honi.

Mwalimu akamwambia kijana atulie, hakuna anayekufa kwa honi. Kisha akageuka nyuma.

"Mimi wanafunzi wangu wakifaulu, naacha kuwashikia breki. Wewe wenzako wamekushikia breki wiki zote hizi, hawakukusema kwa mtu. Watu wa hivyo unawaacha unakwenda wapi?"

Mzee akasema si hilo. Anaogopa kusimama mbele yao hajui kitu, na wao wanajua kwamba hajui.

"Basi waulize," Mwalimu akasema, akageuka mbele. "Washa gari, mwanangu. Klachi."

Waulize. Neno jepesi kwa mwingine. Kwa mzee lilikuwa zito kama lile gunia la viazi. Katika jiko lile watu walikuwa wakimwuliza yeye, na yeye alikuwa akiuliza sufuria. Asubuhi aliamka, akala yai lake kwa utaratibu, hakuambiwa punguza mwendo hata mara moja, na mkewe akaona hiyo pekee ilitosha kumpa wasiwasi. Akamfikisha chuoni, akabaki amekaa ndani ya gari mpaka alipomwona ameingia.

Ndani hakuna aliyemtazama usoni. Aproni yake ilikuwa imetundikwa mahali pake, imefuliwa na kupigwa pasi. Akaivaa. Akawasha moto, akaugawa, huyu ampunguzie hapa, yule asogeze sufuria kule, na kwa asubuhi nzima kazi ikaenda kama mashine iliyotiwa mafuta, kwa sababu kwenye moto hakuwa na wa kumfundisha. Akabonyeza nyama, akasema bado. Akanusa maharage, akasema tayari, na yalikuwa tayari. Kisha ikaja zamu ya chumvi. Akatia kidogo, akatia kidogo tena. Akakoroga.

Akachukua sahani ndogo ya chai, akateka mchuzi, akaupuliza upoe. Visu vikaacha kugonga. Akamwendea Bi Vitunguu pale mezani kwake, mbele ya wote, akamnyooshea ile sahani kwa mikono miwili.

"Onja, mama. Uniambie ukweli."

Bi Vitunguu akawatazama wengine, akamtazama yeye. Akainywa ile sahani taratibu. Akafumba macho. Mzee alisimama pale, mkubwa wa jiko, pumzi ameibana kama mwanachuo anayesubiri matokeo ubaoni.

"Imepungua," Bi Vitunguu akasema. "Sana, mkubwa. Leo umeogopa."

Mzee akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono yote miwili, kwa kuogopea mshono, na wenzake walipoona anacheka wakaanza nao, wengine wakifuta machozi ambayo hawakuweza kuyasingizia vitunguu. Akachukua bakuli la chumvi, ambalo hakuna mkono mwingine uliokuwa umewahi kulishika akiwepo, akaliweka mbele ya yule mama.

"Tia wewe."

Kisha akatafuta stuli, akaivuta pembeni, akafungua kikombe alichofungiwa na mkewe. Akakaa chini katikati ya jiko lake akaanza kutafuna samaki wake polepole, na nyuma yake Bi Vitunguu alikuwa akitia chumvi. Hakugeuka kumwangalia.